Vitunguu vya Fungu

9 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kitandani, ubao wa kukatia mboga ndio meza yangu. Mwili upo, umechoka tu, na uchovu haujawa ugonjwa. Mwambie Mama zile soksi alizonifumia nazivaa mbili mbili. Na huyo mpwa wangu Kasuku, mwambie mchoro wake wa ng'ombe umefika salama, ila ng'ombe ana miguu mitano. Aniandikie wa tano ni wa kazi gani.

Kazi ni ile ile. Tunafunga mabomba ya chuma kuzunguka majengo ili mafundi wa plasta na rangi wapate pa kusimama. Wakimaliza tunayafungua, tunayapakia kwenye lori, tunakwenda kuyafunga kwingine. Jengo linabaki zuri na hakuna hata alama moja ya kuonyesha kwamba tulikuwepo. Mabega yangu ndiyo yanayojua.

Uliniuliza duka la huku likoje. Ni kubwa kama ghala la pamba na ndani kuna baridi kuliko nje. Hakuna wa kumwambia nipunguzie. Bei imebandikwa, na anayekaa kwenye mashine ya malipo hana mamlaka hata ya kukuongezea pilipili moja juu. Siku zangu za mwanzo nilimwambia yule mama wa malipo, kwa lugha yangu ya kuombea maji, "Mwisho bei gani?" Akaita meneja. Meneja akaja, nikarudia. Watu nyuma yangu walikuwa wanane. Nililipa kama ilivyoandikwa na nikasema asante mara tatu.

Pesa ya huku usiigeuze kuwa ya huko, utaugua. Mimi niliigeuza mwezi mzima wa kwanza, nikawa kila ninachokishika nakirudisha rafuni. Sasa nahesabu kwa saa za kazi. Mkate ni dakika ishirini. Kilo ya mchele ni nusu saa. Mfuko mdogo wa vitunguu ni robo saa. Chupa ya mafuta, dakika arobaini. Kuku mzima ni saa mbili, nyama ya ng'ombe nne. Ukihesabu hivyo hujidanganyi, kwa sababu unajua saa moja ya kubeba chuma ina uzito gani.

Nimetuma hawala ya posta. Ni ya kununulia kibanda, isiguswe kwa jambo jingine. Bwana Kesho, mwenye kibanda, alisema anauza mwisho wa mwezi wa sita, na mwisho wa mwezi wa sita tutakuwa nazo zote. Miaka kumi na moja unawalisha mafundi wa gereji nzima ukiwa juu ya ardhi ya mtu. Safari hii utapika juu ya yako, na asiyelipa utamfukuza bila kuomba ruhusa.

Mimi nakula vizuri. Hilo lisikusumbue.

Mdogo wako wa tumbo moja.


6 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, na Mungu akupe mgongo wa pili. Barua imefika na siku ishirini na tatu mgongoni. Mama hajambo isipokuwa goti. Anasema kama unavaa soksi mbili mbili basi yeye alifuma nusu ya kazi, na sasa ameanza nyingine. Kasuku amenuna. Anasema ule si mguu, ni kiwele, na mjomba asiyemjua ng'ombe asiulize maswali.

Kibanda kinakwenda. Gunia la vitunguu limepanda, gunia la mkaa limepanda, mchele usiseme. Kilichokaa palepale ni bei ya sahani, maana nikiipandisha mafundi watanijia na spana. Yule fundi wa breki, mwenye kicheko cha kuangusha vyombo, jana ameinamia sahani akasema, "Dada, mchuzi wa leo naona mpaka maua ya chini." Nikamwambia, "Maua hayo ni ya bure, kula nayo." Akacheka mpaka paka wa gereji akakimbia.

Bwana Kesho nimemwonyesha tulipofikia. Akatikisa kichwa vizuri, akasema Juni ni Juni, akala sahani mbili, akasema atalipa kesho.

Sasa tuje kwako. Nimezisoma bei zako mara tatu. Wengine wanasoma barua, mdogo wangu, mimi nasoma kapu la mtu. Umenitajia mchele kwa kilo, mkate kwa mmoja, vitunguu kwa mfuko, mafuta kwa chupa. Hizo ni bei za mtu anayenunua. Halafu ukaniambia nyama ya ng'ombe nne. Nne ya nini? Kilo? Nusu? Yenye mfupa au isiyo na mfupa? Na huko kuku hawauzwi mapaja peke yake? Hiyo ni bei ya mtu aliyeisoma akipita. Maharage hukutaja. Mboga ya majani hukutaja. Yai hukutaja. Basi nimechukua ulivyovitaja nikavipika kichwani. Nimepata wali mweupe na vitunguu vya kukaanga. Siku ya pili nikapika tena, nikapata wali mweupe na vitunguu vya kukaanga. Siku ya tatu nimepata mkate.

Unakula nini? Nitajie chakula kwa jina lake. "Vizuri" si chakula.

Dada yako, anayekujua tangu unakula udongo.


3 Machi

Dada,

Nimecheka peke yangu mpaka wenzangu wakauliza kama nimepata mchumba. Shikamoo tena. Mama aache kusimama sana, na Kasuku nimemwomba radhi, kiwele nimekiona.

Mayai nakula. Yai moja ni dakika nne. Umeridhika?

Ngoja nikueleze tunavyoishi, uache kunipikia kichwani. Chumba ni kimoja, vitanda vya juu na chini, watu sita. Jiko la umeme lina sahani mbili za kupikia na moja imekufa. Kwa hiyo wenzangu wana utaratibu wanauita kapu. Kila Jumamosi kila mtu anatia mchango wake kwenye kopo la majani ya chai, mmoja ananunua na kupika wiki nzima, wiki inayofuata zamu ya mwingine. Mkubwa wa kapu ni mtu mzima tunayemwita Kamusi, kwa sababu ndiye anayeweza kusoma maandishi ya kwenye makopo. Kabla hajaja, walinunua unga wa keki wakidhani ni wa uji. Wakanywa uji mtamu unaoumuka siku saba, maana hakuna aliyekubali kuutupa.

Mimi nilikuwemo kwenye kapu mpaka mwezi wa kumi na moja. Nikatoka, na hatukugombana. Kapu linapenda nyama Jumapili na samaki katikati ya wiki, na mchango wa mwezi ukiupima ni siku mbili na nusu za kubeba chuma. Siku mbili na nusu ni ukuta mmoja wa kibanda. Niliwaambia tumbo langu halipatani na mafuta mengi. Wakaamini. Wakianza kula natoka kutembea, nazunguka mtaa mpaka kwenye kituo cha mafuta, nikirudi nakuta wanaosha vyombo.

Na duka nimelijua kuliko meneja. Jioni, jua likishatua, anatoka mfanyakazi mmoja mwenye mashine ya kubandika karatasi za njano kwenye vitu ambavyo siku zake zinaisha: mkate, maziwa, karoti zilizolegea. Bei inakatika nusu. Tunamfuata nyuma watu kama kumi. Hakuna anayekimbia, hakuna anayemtazama mwenzake, kila mmoja anajifanya alikuwa anapita. Kuna bibi mmoja wa kofia ya sufu ananitangulia kila mara kwenye mkate. Juzi nilimtangulia mimi. Alishika tu mkokoteni wake akasimama. Nikaurudisha mkate rafuni nikaondoka, nikasikia anauchukua.

Mwezi huu nimehamishiwa chini. Napokea mabomba, sipandi. Malipo yamepungua kidogo ndiyo maana hawala imekonda. Usiulize.

Bado miezi minne tu, Dada. Mtu hafi kwa miezi minne.

Mdogo wako.


20 Aprili

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa, siku zimenipita. Mama hajambo. Kasuku ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa kusoma kwa sauti ni kama kufungua soda. Mvua zinanyesha kwa kiasi.

Hawala imefika, nimeiweka pamoja na nyingine. Mambo ya kibanda yapo.

Bei za huku ni za kulalamikia tu kama kawaida. Vitunguu fungu moja limepanda, nyanya fungu hali kadhalika. Mkaa sijui umefikia ngapi, nasikia watu wanapiga kelele.

Mwezi ujao usitume nyingi. Nunua maharage, yaloweke usiku kucha, yatakupunguzia umeme.

Umesema nisiulize, siulizi.

Dada yako.


18 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ni fupi kama ya benki. Nimeisoma njiani kwenda kazini na nikirudi, na sasa wiki inaisha ikiwa mfukoni.

Miaka kumi na moja nakusikia ukilalamika bei ya gunia. Nimekuona kwa macho yangu ukigombana na muuza vitunguu, ukaingiza mkono mpaka chini ya gunia kutafuta vilivyooza. Leo unaniambia fungu. Fungu ni vitunguu vitano. Mtu anayelisha mafundi arobaini hanunui vitunguu vitano. Na mkaa unasema hujui! Wewe usiyejua bei ya mkaa ni nani? Fundi wa breki kasema nini mwezi huu? Bwana Kesho amekula ngapi? Hukumtaja mtu.

Ulisoma kapu langu, na mimi nimesoma lako. Sema kuna nini.

Na usije ukasema nakudai ukweli huku nimeukalia wangu. Mwezi wa pili nilikuwa ghorofa ya nne, nimeshika bomba, dunia ikazunguka. Sikuanguka, mkanda ulikuwa umefungwa na mwenzangu akanivuta kwa kola. Msimamizi akanishusha akaniuliza, "Umekula?" Nikasema nimekula. Akanipeleka kwa daktari wa kampuni, na Kamusi akaja kunitafsiria. Daktari alitoa damu, akatazama karatasi, akauliza nakula nini. Nikasema wali. Akauliza, na nini? Nikasema, na wali. Kamusi hakulitafsiri lile jibu. Alinitazama, kisha akamwambia daktari kitu kirefu ambacho sikukielewa.

Damu ni chache. Ndiyo maana sipandi. Atanipima tena katikati ya mwezi wa tisa, na ikiwa vile vile mkataba hauongezwi, nafunga mabegi. Tangu siku ile wenzangu wa kapu wananiwekea sahani imefunikwa juu ya kabati. Asubuhi naiacha ilivyo. Siwezi kula chakula nisichotia mchango, na mchango siutoi mpaka kibanda kiwe chetu. Umebaki mwezi mmoja na nusu. Baada ya hapo nitakula mpaka wanifukuze mezani.

Jibu upesi.


15 Juni

Mdogo wangu,

Mama na Kasuku wazima. Salamu zimeishia hapo leo.

Kibanda hakipo. Bwana Kesho alikiuza mwanzoni mwa mwezi wa tatu kwa muuza mbao, aliyekuja na fedha zote kwa mkupuo mmoja. Alikuja kuniambia saa ya mchana watu wamejaa. Nikampakulia kwanza, maana sikujua alichokuja nacho. Akatafuna, akasema, "Dada, ile biashara nimeimaliza jana." Miaka yote kila kitu chake ni kesho. Hicho kimoja tu ndicho kikawa jana. Nikamwuliza, "Na ahadi yetu ya Juni?" Akasema, "Juni ni mbali, mwanamke, mtu anakula leo." Na ile sahani hajailipa mpaka sasa.

Nilipewa siku tatu kuondoa sufuria. Mafundi walinibebea mpaka nyumbani, fundi wa breki alibeba ile kubwa kichwani na hakucheka hata mara moja.

Sasa hivi naosha vyombo kwenye kantini ya shule. Sahani mia tatu asubuhi, mia tatu mchana. Mpishi wao anatia vitunguu kwenye mafuta ambayo hayajapata moto. Nasimama nyuma yake kila siku nikitazama, na mdomo nimeufunga kwa sababu mshahara ni wa kuosha. Nyumbani nanunua kwa fungu, kama ulivyosema. Hukukosea hata neno.

Fedha zako zipo kwenye kitabu cha akiba cha posta, sijatoa hata moja.

Utauliza kwa nini sikusema. Sababu ya kwanza ninayoweza kuitaja bila haya ni kwamba nakujua. Ungesikia kibanda kimekwenda ungejinyima mara mbili ili tupate kikubwa zaidi, kumkomoa Bwana Kesho. Sababu ya pili ni kwamba niliona aibu. Kila mwezi hawala inafika, karani wa posta ananiambia, "Mama, una ndugu," nami naitikia. Ningekuandikia kwamba ndugu ninaye lakini kibanda sina, ingekuwa nini? Kila Jumapili nilikaa na kalamu. Nikaandika habari za meno ya Kasuku.

Sikujua habari za ghorofa ya nne. Wallahi sikujua. Nilidhani unakonda tu.

Ile sahani ya juu ya kabati, ile. Hao watu wamekuita mezani kwao mara ngapi?

Dada yako.


10 Julai

Dada,

Shikamoo.

Machi, Aprili, Mei, Juni. Mstari mmoja ungetosha. Kibanda kimeuzwa. Maneno mawili tu, hayajazi hata kadi ya posta.

Nimezunguka mpaka kituo cha mafuta na kurudi kila jioni miezi minne kwa ajili ya kibanda cha muuza mbao. Nimegombea mkate na bibi kizee. Msimamizi ananiita Karatasi mbele ya watu, anasema upepo ukija nishike kitu. Na wewe ulikuwa unajua.

Usiniambie unanijua. Kama ungekuwa unanijua ungejua kwamba hili ndilo lingeniuma.

Zile fedha zifanyie utakalo. Mimi sizitaki wala sitaki kuzisikia. Mwezi huu sikutuma, na mwezi ujao sijui.

Mama asisomewe barua hii.


12 Agosti

Mdogo wangu,

Sijamsomea Mama. Ila ameniona nikiisoma, akasema, "Mwache, akimaliza kukasirika atakuwa na njaa."

Una haki. Nimeandika hivyo na sitaongeza sababu ya tatu.

Ulisema nifanye nitakalo, nimefanya. Zile fedha nimezigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza nimelipia miezi sita ya banda la wazi nyuma ya gereji, pale walipokuwa wanatupa matairi. Mafundi wameyahamisha matairi wenyewe na wamenigongea bati juu, fundi wa breki akisimamia kama injinia. Bati limekaa upande. Nimemwambia limekaa upande, akasema, "Dada, ni ili mvua ijue pa kwenda." Kantini nimewaaga, na siku ya kuaga nikamwambia yule mpishi habari ya mafuta na moto. Nimelala vizuri usiku ule.

Fungu la pili nimelitia kwenye hawala, lipo posta ya kwenu kwa jina lako. Si msaada, wala si radhi, usinitafutie ugomvi wa bure. Fedha hizo ulizitoa mdomoni mwako, na zinarudi mdomoni mwako. Ukinirudishia nitakurudishia, tutawatajirisha posta sisi na wao wacheke.

Mwezi wa tisa unakuja, na daktari wako hatapima hasira.

Jumatatu nawasha moto.

Dada yako.


21 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Mama shikamoo. Kasuku, naamini meno yameshaota, hongera.

Hawala imefika tarehe saba. Nilikwenda posta baada ya kazi na viatu vya kazi. Yule karani ananijua. Kabla sijafungua mdomo akanisukumia fomu ya kutuma, na kalamu juu yake. Nikamwambia hapana, napokea. Hakuelewa. Nikamwonyesha taarifa ya hawala yako. Akaisoma, akaniangalia, akaisoma tena, akaenda nyuma kumwuliza mwenzake. Kwenye foleni walikuwemo watu wetu wengi, kila mmoja ameshika fomu ya kutuma. Hakuna mtu aliyewahi kupokea kutoka nyumbani kwenye dirisha lile, Dada. Mmoja akasema kwa sauti, "Huyu kwao wana kisima cha mafuta." Wakacheka. Sikucheka wala sikukasirika. Bado nilikuwa naiona ile fomu ya kutuma pale kaunta, na kwa dakika nzima nilitaka kuichukua niijaze, nikurudishie hapo hapo kabla jasho halijakauka.

Kamusi alikuwa nyuma yangu. Akaniuliza, "Mtumaji ni nani?" Nikamwambia ni dada yangu. Akauliza, "Mkubwa au mdogo?" Nikamwambia mkubwa. Akasema, "Basi hapo hujaombwa maoni." Akachukua ile fomu akaijazia hawala ya kwake.

Jumamosi asubuhi nilitia mchango kwenye kopo. Kwa kuwa nilikosa miezi kumi, wakaamua zamu ya kwanza ni yangu, tena wiki mbili. Tukaenda dukani na Kamusi, asubuhi, vitu vyote vina bei yake kamili na mboga zimesimama. Sikuwahi kuliona duka lile asubuhi. Kwenye nyama kuna mtu nyuma ya kioo na aproni, akaniuliza nataka nini. Nikamgeukia Kamusi. Mwaka mzima nimepita mbele ya kile kioo na sijui vipande vyake vinaitwaje. Kamusi akakataa kunisaidia, akajifanya anasoma kopo. Nikamwambia yule mtu, "Ya watu sita." Akauliza ya kuchoma au ya mchuzi. Nikasema ya mchuzi. Akauliza yenye mfupa? Nikasema yenye mfupa, kwa sauti, kama mtu anayejua. Nyama ilikuwa saa tano na nusu za kazi. Maharage nilinunua, na mboga ya majani, na pilipili.

Nilitia vitunguu mafuta yakiwa na moto. Nyama nilifikiri imeiva, haikuwa imeiva. Walitafuna muda mrefu. Halafu jamaa anayelala juu yangu akauliza, "Kwani lile tumbo lako?" Nikasema limepona. "Na mafuta?" Nikasema tumepatanishwa na wazee. Mwingine akasema, "Wewe bora ulipokuwa unatembea, tulikuwa tunakula nyama laini." Walicheka sana, na mimi nikacheka, na nilikula sahani mbili nikiwa nimekaa pamoja nao. Tumbo lilinisumbua kweli siku ile, maana halikuzoea, lakini sikumwambia mtu.

Daktari amenipima Jumatano. Damu imepanda, haijafika pale anapotaka. Amewaandikia kampuni wanipe mkataba wa miezi sita, kazi ya chini, atanipima tena mwezi wa tatu. Msimamizi anasema akiniona juu kabla ya hapo atanishusha kwa kamba. Malipo ya chini ni haya haya uliyoyazoea.

Ile barua yangu ya Julai usiitunze. Niliyoyaandika nilikuwa nayamaanisha siku ile. Na hasira yenyewe haijaisha yote, nisikudanganye, ila nikikaa kula huwa naisahau mpaka nimalize.

Nitajie waliokuja Jumatatu ile ya kwanza, mmoja mmoja, na nani alikopa.

Mwezi huu situmi kitu. Zamu ya kapu ni yangu.

Mdogo wako.